'Imara' kwa Maana Gani? Injini ya Petroli na Injini ya Dizeli katika Gari Kuukuu

Barua nyingi zinazofika katika meza yetu ya istilahi huuliza jambo moja tu: neno fulani la kigeni liitweje kwa Kiswahili. Ni nadra kuletewa barua inayotuomba tuamue ugomvi. Lakini ndivyo ilivyotokea miezi michache iliyopita, pale katibu wa chama kimoja cha ushirika katika Nyanda za Juu Kusini alipotuandikia kwamba kamati yake imekutana mara tatu, na mara zote tatu imeshindwa kukubaliana. Chama kinataka kununua gari kuukuu linalovutwa na magurudumu yote manne, ili liweze kuvifikia vijiji vyake wakati wa masika. Magari mawili yameletwa mbele yao, yote Land Rover ya Mfululizo wa Tatu, yote ya chesisi ndefu, na bei zake zinakaribiana. Moja linatumia petroli, jingine dizeli. Nusu ya wajumbe, wakiongozwa na dereva, wanasema la dizeli ndilo imara. Nusu ya pili, wakiongozwa na mweka hazina, wanasema la petroli ndilo imara. Fedha za chama zinatosha gari moja tu, na zikishatoka hazirudi. Katibu akamalizia kwa kuuliza: neno imara, likisemwa juu ya injini, lina maana gani hasa?

Swali hili lilitupendeza, kisha likatutia haya. Tulipozifungua kadi zetu tuliona kwamba neno hilo hilo tumeliandika mbele ya dhana tatu za kigeni zilizo mbalimbali, kila moja kwa mkono wa mtu mwingine na katika mwaka mwingine. Mfasiri wa kitabu cha mafundi akituuliza, tungempa neno moja kwa mambo matatu, naye angeandika sentensi ambayo dereva na mweka hazina wangeisoma pamoja na kila mmoja akaondoka ameshinda. Basi tuliamua kulichunguza jambo hili mahali linapoishi, yaani gereji. Sisi si mafundi, wala hatudai kuwa mafundi. Tulikaa siku mbili na makanika mzee aliyezifungua injini za aina zote mbili kwa miaka mingi, tukasikiliza anavyosema, tukaandika.

Injini mbili zenye kipimo kimoja

Ilikuwa bahati njema kwamba magari yaliyoleta ugomvi ni Land Rover. Mtu akilinganisha injini ya petroli ya kampuni moja na ya dizeli ya kampuni nyingine, hawezi kujua kama tofauti anayoiona inatokana na aina ya injini au na mkono wa aliyeiunda. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Ile ya Mfululizo wa Tatu iliundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na injini zake za silinda nne, ya petroli na ya dizeli, zilikuwa na ujazo ule ule wa sentimita 2,286 za ujazo. Upana wa silinda ni mmoja, mwendo wa pistoni ni mmoja, na zote mbili huendesha vali zake kwa mnyororo, si kwa mkanda. Ni kama ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja, kisha mmoja akapelekwa kusoma kwingine.

Walikotengana ni katika kuwasha moto. Katika injini ya petroli, kabureta huchanganya petroli na hewa, mchanganyiko ukaingia katika silinda, pistoni ikaubana hadi ukawa karibu sehemu moja ya nane ya ujazo wake wa kwanza, ndipo plagi inapotoa cheche. Mzunguko huo wa hatua nne, kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa moshi, ulifanikishwa na Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu. Huibana hewa hiyo, katika Land Rover tunayoizungumzia, hadi sehemu moja ya ishirini na tatu. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la kutosha kuwasha mafuta bila kiberiti chochote, nayo nozeli ikirusha matone membamba ya dizeli humo ndani, moto huwaka wenyewe. Injini ya kwanza ya namna hiyo iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897 na Rudolf Diesel. Jina lake limekuwa jina la injini, kisha likawa jina la mafuta, na leo limo katika Kiswahili kama neno letu wenyewe.

Hapa msomaji ataona kasoro ya kwanza ya majina tuliyonayo. Tunaziita injini hizi kwa jina la kinachotiwa ndani ya tangi, ilhali tofauti yake ya asili ni namna moto unavyowashwa. Kwa mazungumzo ya barabarani hakuna ubaya. Injini ya petroli na injini ya dizeli ni majina yanayoeleweka kutoka Mtwara hadi Mombasa, wala hatuna nia ya kuyaondoa. Lakini katika vitabu vya shule na vyuo vya ufundi tunapendekeza majina mawili ya ziada, injini ya cheche na injini ya mbano. Mafundi husema kompresheni. Wapo wanaopenda mgandamizo. Sisi tumelichagua neno mbano kwa sababu kitenzi kubana kinajulikana na kila mtoto, na kwa sababu mgandamizo umeshabebeshwa mzigo wa shinikizo katika maandishi mengi ya fizikia. Hewa hubanwa, shinikizo ni matokeo ya kubanwa. Ni mambo mawili.

Na neno mbano ndilo litakaloamua ugomvi wa kamati, kama itakavyoonekana.

Kudumu

Dereva alipokuwa akisema dizeli ni imara, alikuwa na maana ya kwamba inakaa miaka mingi kabla ya kuchakaa. Hiyo ni dhana ya kwanza, na jina tunalolipendekeza ni udumifu. Katika maana hii dereva ana hoja nzuri. Kwa kuwa injini ya mbano huvumilia nguvu kubwa kila inapowaka, waundaji huifanyia pistoni nzito, ukuta mnene na mitaimbo minene zaidi. Aghalabu huzunguka polepole kuliko ya petroli. Tena dizeli yenyewe ina ulaini wa mafuta, ilhali petroli, hasa asubuhi injini ikiwa baridi na dereva amevuta choki, huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuziacha ringi zikisuguana na chuma kikavu.

Hata hivyo udumifu hautoki kwa aina ya injini peke yake. Hadi mwaka 1980 krenki shafti ya injini hizi ililazwa juu ya beringi kuu tatu. Kuanzia mwaka huo zikawa tano. Kwa injini ya petroli mabadiliko hayo yalikuwa ni nyongeza ya heri. Kwa ile ya dizeli, ambayo mapigo yake ni mazito, yalikuwa jambo kubwa zaidi. Makanika wetu alisema kwamba akiletewa injini ya dizeli ya beringi tatu huuliza kwanza nani alikuwa akiiendesha. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba dizeli hudumu, na mbele yake kuna dizeli ya 1976 na petroli ya 1983, amesema jambo la kweli lisilomsaidia.

Upande wa petroli nao una jambo lake la kihistoria. Injini nyingi za zamani za petroli ziliundwa wakati petroli ilipokuwa ikitiwa risasi, madini yale mazito, ambayo pamoja na kazi nyingine yalikuwa yakiacha utando mwembamba wa kulinda vikalio vya vali. Baada ya makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 kazi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa heri kubwa kwa afya za watoto wa mijini. Lakini injini yoyote ya kale ambayo vikalio vyake ni vya chuma laini inaweza kuliwa polepole, hasa ikiendeshwa kwa nguvu nyingi na mzigo mzito kwa muda mrefu. Anayenunua injini ya namna hiyo na aulize kama kichwa chake kimewahi kufunguliwa na kutiwa vikalio vigumu.

Neno risasi lenyewe lilitupa shida katika kutafsiri. Petroli yenye risasi, alituambia mwenzetu mmoja, yasikika kama petroli ya vita. Tumeliacha hivyo hivyo, maana risasi ya bunduki ilipata jina lake kwa madini hayo.

Kutegemeka

Mweka hazina naye hakuwa na maana ya miaka. Yeye alikuwa akikumbuka asubuhi ambapo gari linatakiwa kuondoka na haliondoki. Hiyo ni dhana ya pili, na ndiyo iliyotusumbua sana kuipatia jina.

Wahandisi huifafanua kwa uangalifu: ni uwezekano kwamba chombo kitaifanya kazi yake bila kukwama, kwa muda uliotajwa, katika mazingira yaliyotajwa. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Bila kutaja muda na mazingira, dhana hii haipo kabisa. Ni kama kuuliza bei bila kutaja bidhaa.

Neno lililotujia kwanza ni utegemezi. Tulilikataa. Utegemezi katika lugha yetu ni hali ya asiyejitosheleza; mtegemezi ni yule anayelishwa na mwingine. Kitabu kikisema injini hii ina utegemezi mkubwa, msomaji ataelewa kwamba haiendi bila kusukumwa, na kuna Land Rover ambazo kwazo tafsiri hiyo ingekuwa sahihi. Uaminifu nao ni sifa ya mtu mwenye dhamiri, na injini haina dhamiri. Uthabiti umeshachukuliwa na wale wanaozungumzia vitu visivyopinduka wala kuyumba, nao waliufikia kabla yetu. Tumelirudia shina lile lile la tegemea, lakini tukapitia kutegemeka, kama vile kupatikana kulivyotupa upatikanaji. Basi twasema utegemekaji. Tunajua litasikika geni kwa mwezi mmoja au miwili. Upatikanaji nao ulisikika geni.

Sasa tuyataje mazingira. Alfajiri ya mwezi wa Juni huko Makete au Njombe ni baridi kweli kweli, na baridi ni adui wa injini ya mbano kuliko ya injini ya cheche. Chuma baridi hunyonya joto la hewa iliyobanwa. Kwa sababu hiyo injini ya dizeli ya namna hii huwekewa plagi za kupasha joto, moja kwa kila silinda, ambazo dereva huziwasha kwa muda kabla ya kupiga stata. Katika nyingi za Land Rover hizo plagi nne ziliungwa kwa mfuatano, umeme ukipita ya kwanza kuifikia ya pili na kuendelea, na ikiungua moja zote nne hufa. Msomaji anayependa hesabu na atazame: tuseme kila plagi ina nafasi 95 katika 100 ya kuwa nzima asubuhi hiyo. Nafasi ya kuwa nzima zote nne si 95, bali ni 95 kwa 100 ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani kama 81 katika 100. Plagi nzuri nne zimefanya mpango mmoja usiotegemeka. Tumeuweka mfano huu hapa kwa sababu unaonyesha, kuliko maelezo yetu yoyote, kwamba utegemekaji si sifa ya kipande kimoja kimoja. Ni sifa ya namna vipande vilivyoungwa.

Baada ya kuwaka, mambo hugeuka. Dizeli ya zamani yenye pampu isiyotumia umeme haihitaji tena betri, koili wala nyaya za moto. Itaendelea kuunguruma hata umeme wote wa gari ukifa. Injini ya petroli kila mara inahitaji cheche, na cheche inachukia maji. Gari likivuka mto na feni ikarusha maji juu ya distribyuta, safari imesimama katikati ya mto. Ni kweli kwamba hata dizeli haistahimili kuvuta maji kupitia njia yake ya hewa. Tena madhara yake ni makubwa, maana maji hayabaniki na kitu kitakachopinda ni chuma. Ndiyo sababu ya lile bomba la hewa linalopandishwa hadi kwenye paa, ambalo madereva wa Tanzania wameliita mkonga, na gari lenyewe la Land Cruiser likachukua jina hilo. Hakuna kamati iliyokaa kuunda neno mkonga. Laiti kila istilahi tunayoitafuta ingekuwa imekwisha kuundwa kwa uzuri huo kabla hatujafika.

Mazingira mengine ni mafuta yenyewe. Pampu na nozeli za dizeli zimechongwa kwa vipimo vya kubana sana, na sehemu zake zalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Vumbi, maji, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huziua. Uchanganyaji huo si hadithi. Kwa ajili yake Tanzania ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama za kuyatambua, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchanganyaji iondoke. Kenya nayo iliweka tozo ya namna hiyo mwaka 2018. Kwa hiyo dizeli inayotegemeka ni ile yenye chujio jipya na mwenyewe anayejua aliponunua mafuta.

Lakini jambo kubwa kuliko yote, ambalo makanika alilirudia mpaka tukaliandika kwa herufi kubwa, ni umri. Cheche haijali sana kama mbano umepungua. Injini ya petroli iliyochakaa hula oili, hutoa moshi wa buluu, hupoteza nguvu mlimani, lakini asubuhi huwaka. Injini ya mbano haina kiberiti kingine ila mbano wenyewe. Ringi zikiliwa na vali zikaacha kufunga vyema, joto halifiki, na ile injini iliyosifiwa kwa kudumu miaka thelathini hugoma alfajiri moja na kuendelea kugoma. Twaweza kusema kwamba petroli huharibika mara nyingi kwa mambo madogo, na dizeli huharibika mara chache kwa mambo makubwa. Katika gari jipya mnunuzi ananunua hizo mara chache. Katika gari la miaka arobaini, huenda ananunua hilo jambo kubwa lililo njiani kuja.

Kutengenezeka

Dhana ya tatu tutaipita upesi, ingawa jina lake ni refu kama lori lenye tela: utengenezekaji. Injini ya petroli yenye kabureta hutengenezeka kando ya barabara. Plagi hufunguliwa na kusafishwa, pointi za distribyuta hupigwa msasa, kabureta hupulizwa kwa mdomo. Betri ikifa, Land Rover ya petroli ina tundu la mbele la kupitishia mtaimbo wa kuizungushia kwa mkono. Dizeli yenye mbano wa ishirini na tatu kwa moja hakuna mkono wa mtu utakaoizungusha, ingawa mteremko waweza. Pampu yake ikiharibika haitengenezwi chini ya mwembe: lazima ifungwe juu ya mashine ya kupimia, na mashine hizo ziko katika miji michache.

Kazi moja ya dizeli inayofanyika njiani ni ile ya kutoa upepo. Gari likiishiwa dizeli, au bomba likilegea, hewa huingia katika njia ya mafuta na pampu haiwezi kusukuma. Dereva hulegeza skrubu juu ya chujio na kwenye pampu, husukuma wenzo mdogo kwa mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kisha hukaza. Gereji zote tulizoziuliza zasema upepo. Vitabu tunavyosahihisha vyasema hewa. Kwa fizikia, upepo ni hewa inayokwenda, na hewa iliyonaswa bombani haiendi popote, ndiyo maana gari limesimama. Kwa fundi, hata hivyo, tairi hujazwa upepo na bomba hutolewa upepo, na hakuna aliyewahi kukosea kazi kwa sababu hiyo. Wenzetu wawili katika ofisi hawasemezani vizuri juu ya neno hili. Tunaliacha wazi, na maoni ya wasomaji yatapokewa.

Mafuta gani?

Katibu alieleza katika barua yake kwa nini chama hakina gari sasa, na hapa istilahi si mchezo wa watu wa kalamu. Walikuwa na pikapu ya dizeli. Siku moja dereva aliugua, na kijana mmoja aliyekuwa na leseni akatumwa mjini akiwa na karatasi iliyoandikwa: jaza mafuta. Kituoni akaulizwa mafuta gani. Akajibu, ya gari. Likajazwa petroli. Gari lilikwenda kilomita kadhaa kwa mchanganyiko uliosalia, kisha pampu, ambayo petroli haiwezi kuilainisha, ikajisaga yenyewe. Gharama ya pampu na nozeli ilizidi uwezo wa chama, na pikapu imekaa chini ya mti hadi leo.

Kosa hilo halina usawa. Dizeli ikitiwa katika gari la petroli, injini hukohoa, hutoa moshi mwingi na kuzima. Tangi humwagwa, plagi husafishwa, na kwa kawaida maisha huendelea. Petroli ikitiwa katika gari la dizeli, chuma husagika. Lakini neno letu ni moja. Mafuta ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni ya taa, ni petroli, ni dizeli, tena ni oili ya injini. Mtafsiri wa kitabu cha gari anayeandika angalia mafuta kila asubuhi hajasema kama dereva atazame tangi au achomoe kijiti cha kupimia oili, na tumekiona kitabu ambamo sentensi hiyo ilikuwa na maana ya pili huku msomaji yeyote angeelewa ya kwanza.

Pendekezo letu ni kali kidogo: katika maandishi yote ya kiufundi, neno mafuta lisisimame peke yake. Paandikwe petroli, au dizeli, au oili, wazi. Dhana ya jumla ikihitajika, yaani chochote kinachounguzwa ili kutoa nguvu, tuna neno fueli lililokwisha kuzoeleka. Wasomaji wetu wa Kongo, ambao husema esansi na mazutu, wanayo tayari majina mawili yasiyochanganyika, na katika jambo hili hatuna la kuwafundisha.

Tulivyomjibu katibu

Tulimwandikia kwamba wajumbe wake hawakuwa wakipingana. Dereva alisema udumifu, mweka hazina alisema utegemekaji, na hakuna aliyetaja utengenezekaji, ambao kwa chama kilicho mbali na miji pengine ndio uliostahili kutajwa kwanza. Tukamwambia kwamba kwa magari ya umri huo aina ya injini ni swali la pili. La kwanza ni hali ya injini hizi mbili zilizopo mbele yao. Makanika wetu alitupa maagizo ya kumpelekea, nasi tuliyanakili kama alivyoyasema.

Wafike kwa muuzaji alfajiri bila taarifa, waguse injini kwa mkono. Ikiwa na uvuguvugu, muuzaji ameiwasha kabla yao na ana sababu. Waiwashe ikiwa baridi. Moshi mweupe wa dizeli unaokawia kuisha ni mafuta yasiyoungua, dalili ya mbano hafifu au plagi mbovu. Moshi wa buluu ni oili. Moshi mweusi ni dizeli inayozidi hewa, mara nyingi kwa sababu ya nozeli. Injini ikiwa inanguruma, wafungue kifuniko cha kutilia oili: ikipumua moshi kwa mapigo, ringi zimekwisha. Watazame rejeta kama maji yana utando wa oili. Mwisho, na hili wasilikose hata likiwagharimu nauli ya fundi, wapime mbano wa kila silinda kwa geji yake, na wasitafute tu namba kubwa bali silinda nne zinazokaribiana.

Wakafanya hivyo. Injini ya dizeli, ya mwaka 1978, iliwaka baada ya jaribio la sita, na silinda zake mbili zilikuwa chini mno ya wenzake. Ya petroli iliwaka mara ya pili. Ilikuwa inakula oili kidogo, na distribyuta yake imefungwa kwa waya. Wakanunua ya petroli. Katibu ametuandikia tena mwezi uliopita. Gari linaondoka kila asubuhi. Limekwama mara mbili, mara zote kwa hitilafu ambazo dereva alizimaliza kwa bisibisi na kipande cha msasa. Kwa kila lita moja linakwenda kilomita tano au sita, ambapo la dizeli lingekwenda nane au tisa, na sasa anayelalamika katika vikao ni mweka hazina. Dereva bado anasema dizeli ndiyo imara. Ameagizwa na kamati aseme inadumu, naye amekubali kwa shingo upande. Kwenye kifuniko cha tangi amepaka kwa rangi nyekundu, kwa herufi za urefu wa kidole: PETROLI.